Cheni ya Pikipiki ya Baba Ayub

Jumatatu, 3 Novemba

Nimekata sukuma wiki kibandani mpaka kidole kimeota sugu. Mvua. Wateja wachache, na wote wanataka kuongezwa.

Baba Ayub amerudi na cheni mpya ya ile pikipiki yake kuukuu. Ndiyo iliyonitoa kwetu Vihiga nikiwa msichana, yeye mbele, mimi nyuma, sanduku langu katikati. Cheni yake ilikatika mvua za Aprili. Ameapa Desemba tutaipanda tena mpaka nyumbani, yeye na mimi. Leo ameivalisha hii mpya, ikakataa kukaa kwenye meno. Ni nyembamba mno. Anasema mwenye duka hapa Olympic amemhadaa.

Amhadae nani? Mume wangu ni fundi wa pikipiki tangu kabla Ayub hajazaliwa. Nambari ya cheni imepigwa kwenye kiungo chenyewe. Fundi anunue cheni bila kuangalia? Akili yake iko mahali pengine.

Jumamosi, 8 Novemba

Ameenda Kawangware. Eti huku kwetu maduka yamejaa cheni za boda tu, zile pana ziko kwa wauza spea za mitumba wa kule. Sawa. Lakini ametoka asubuhi, amerudi giza likiingia, mikono mitupu. Na alikuwa amevaa shati la kanisani.

Nani huvalia cheni shati la kanisani?

Jumapili, 9 Novemba

Leo ilikuwa zamu yake kusoma Neno. Miaka yote hii yeye ndiye sauti ya kanisa letu. Mchungaji alipomwita, akasema koo lina mafua, akanisukumia mimi Biblia. Nikasoma.

Mafua gani? Njiani alikuwa anaimba. Mwenye dhambi huogopa madhabahu. Sina ushahidi, lakini dalili ya mvua ni mawingu.

Jumatano, 12 Novemba

Amenipita barabarani.

Hapo njia ya Kianda, mchana kweupe, nimebeba gunia la mboga kichwani. Nikamtabasamia. Akanipita kama mlingoti wa stima. Sikumwita, nilitaka kuona atafika wapi. Alifika nyumbani. Nilipoingia akaniuliza mbona nimechelewa.

Nekesa, wa kibanda cha pili, aliona yote. Akaniambia, "Mama Ayub, mwanaume akianza kukupita kwa njia, kuna penye anasimama." Imeniuma zaidi kwa sababu ni maneno yangu mwenyewe, huwa namwambia yeye.

Ijumaa, 14 Novemba

Simu. Zamani alikuwa anaandika meseji na kuzisoma. Siku hizi anatumiwa sauti, anaziweka sikioni na kunipa mgongo. Leo alipokwenda kuoga nikasikiliza moja. Mwanamke, Mkamba kwa matamshi.

"Baba Ayub, kuja kesho. Ile unatafuta imefika. Usijali, hakuna mtu atajua."

Hakuna mtu atajua.

Ugali umeniungulia. Ameula wote, pamoja na weusi wake, bila neno. Hata hilo nimelishuku. Kesho namfuata.

Jumamosi, 15 Novemba

Nekesa amebaki na kibanda changu, na furaha yake yote.

Alikwenda kwa miguu, polepole, mkono ukigusa mabati na nyua za watu. Mara anasimama, anageuza kichwa. Nikadhani anaangalia kama anafuatwa. Nikajibanza.

Kawangware, nyuma ya soko, kibanda cha spea. Cheni zimening'inia kama matumbo buchani. Mwanamke wa rika langu, mnene, mikono ya grisi. Akamshika mume wangu mkono na kumkalisha kwenye kiti. Hapo ndipo nilipoingia. Nikasimama mbele yake karibu kabisa, mdomo umejaa maneno.

Mwanamke alikuwa ameinamia kiungo cha cheni, anasoma. "Tano, tatu, sufuri. Hii ndiyo yenyewe, Baba Ayub. Shika uone."

Baba Ayub akainua uso. Akanitazama mimi.

"Madam," akaniambia kwa adabu, "songa kidogo. Unanizibia mwangaza."

Nikasonga. Kisha nikaondoka.

Jumapili, 16 Novemba

Cheni nyembamba. Shati la kanisani. Biblia. Njia ya Kianda. Nilivihesabu vyote vibaya.

Nimefurahi kwamba hakuna mwanamke. Kisha nimekasirika kwamba yupo. Amejua habari ya macho ya mume wangu kabla yangu. Afadhali angekuwa hawara, hawara ningempiga.

Daftari hili nimelificha chini ya godoro miaka mingi ili asilisome. Sasa liko mezani, hapo hapo kando ya chai yake. Nimelia.

Jumanne, 18 Novemba

Amekuja na cheni mbili, zote za mitumba. Yule mama amemwamini, achague moja nyumbani, nyingine airudishe. Akazilaza kitandani juu ya gunia, akawa anazipapasa, mgongo kwangu.

Nikaichukua moja, nikaielekeza dirishani. Nikasoma kwa sauti, "Tano, tatu, sufuri." Nikachukua ya pili. "Hata hii."

Mikono yake ikasimama.

"Umejua lini?"

"Jumamosi. Mimi ndiye niliyekuzibia mwangaza."

Aliketi. Ni presha ya macho. Daktari amemwambia kilichokwenda hakirudi, kinachobaki ni cha kulindwa kwa dawa. Alinificha kwa sababu alijua nitamkataza kuipanda pikipiki. Nikamwambia hilo amejua sawasawa.

Nikamuuliza kwa nini alimwambia yule mama, kwa nini si mimi.

"Yeye nilijua hatalia."

Nikamwambia hata mimi sijalia. Uongo.

Akazishika cheni, akaziinua kwa ubavu moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilipinda na kulala. "Hii imechoka." Ya pili ikabaki imenyooka mkononi mwake. "Hii bado ina mgongo." Kwa hilo hakuhitaji macho ya mtu. Bado nina hasira naye, lakini nilipenda kumwona akijua kitu.

Jumamosi, 22 Novemba

Mvua imepumzika. Ameivalisha pikipiki cheni hapo mlangoni. Kuna kibanio kidogo kinachofunga kiungo cha mwisho, upande wake uliozibwa lazima utangulie, la sivyo hufyatuka. Aliniuliza kimeelekea wapi. Nikamwambia. Akauliza tena, nikamwambia tena.

Aliisimamisha kwenye stendi, akaiwasha. Gurudumu la nyuma likazunguka hewani. Akainamisha kichwa, akaisikiliza cheni muda mrefu. "Imekaa," akasema.

Akazima. Akachomoa ufunguo, akanyoosha mkono anipe, upande ambao sikuwepo. Sikuwa nimemwomba. Nikasogea mkono ulikoelekea, nikaupokea.

Nimeufunga kwenye kamba moja na ufunguo wa kibanda. Desemba tutakwenda kwa basi.

Kesho ni zamu yake ya kusoma Neno. Anataka kulishika lote kwa kichwa, afungue Biblia mbele ya watu kama kawaida. Ananingoja nimsomee.