Roketi Nyuma ya Kiti cha Mjomba

Tarehe 3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Naomba barua hii iwakute wazima, wewe na mkaza mjomba, na kikohozi chake kiwe kimepungua. Mimi sijambo, ila vidole vinaniuma kwa kukunja kitambaa kutwa nzima. Ningepiga simu, lakini wewe na simu mnajuana. Injini zimeshakula masikio yako, na kila nikisema neno unajibu, "Nani?"

Nina habari. Tajiri wako ameleta oda hapa karakana kwetu. Anataka ile ndege yako ya kunyunyizia dawa mashambani ifungwe parachuti la dharura. Si lile la kuvaa mgongoni, hili ni la ndege nzima. Linakaa kwenye mfuko nyuma ya kiti chako, limeunganishwa na roketi ndogo, ukubwa wake kama chupa ya chai. Juu ya kichwa chako kutakuwa na kishikio chekundu. Ukikivuta, roketi inapasua paa na kulichomoa parachuti mpaka kamba zote zinyooke, kisha ndege inashuka ikining'inia, na wewe ndani yake. Haya ya siku hizi yanafunguka upesi mno, yametengenezwa kwa ajili ya watu wanaorusha ndege chini chini kama wewe.

Sitakudanganya, ukiwa chini kabisa juu ya mimea halitakusaidia kitu. Lakini pale unapopanda kwenda kugeuza mwisho wa shamba, linatosha, ilimradi mkono usichelewe. Ndiyo maana nakuandikia. Kulikunja nitalikunja mimi. Kuvuta ni juu yako. Niahidi kwamba utavuta.

Ni mimi mpwa wako


Tarehe 19 Machi

Kwako Bi Mikunjo,

Marahaba sana. Sisi huku wazima. Kikohozi cha mkaza mjomba wako kimeisha, sasa amebaki na kazi ya kunisema tu, na hiyo haina dawa.

Barua yako nimeisoma nikacheka mpaka miwani ikaanguka. Yaani mimi nikae na fataki kisogoni? Mwanangu, nimeanza kuruka mama yako hajaolewa. Injini imenizimikia zaidi ya mara moja, na kila mara nimetua. Kuna siku nilitua kwenye viazi vya watu wakanifukuza na majembe, lakini nilitua. Marubani wenzangu wameshapata habari, na sasa kila asubuhi wananiuliza kama nepi nazo zimeagizwa.

Unamkumbuka Mrefu, rafiki yangu, yule aliyekuwa akikurusha juu mpaka unagusa dari? Alikufa usukani mkononi. Alikuwa na parachuti mgongoni na hakuligusa. Alikataa kuiacha ndege yake. Nilisema hivyo siku tuliyomzika na nasema hivyo mpaka leo, yule alikuwa rubani hasa.

Tajiri akitaka kufunga afunge, ndege ni yake. Hicho kishikio nitatundikia kofia.

Mjomba wako


Tarehe 28 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nakusalimu kwa sababu nimelelewa vizuri, si kwa sababu nimefurahi.

Hapa karakana, kabla hujaruhusiwa kugusa kamba hata moja, unakalishwa chini usikilize rekodi za redio za marubani waliochelewa kuvuta. Zile sauti za mwisho. Nilidhani nitasikia mambo makubwa. Mjomba, wengi wanasema maneno mawili tu: "Ngoja kidogo." Ngoja kidogo nijaribu kuwasha. Ngoja kidogo nifike pale penye nyasi. Na ukiwa chini hakuna kidogo cha kungoja. Vifaa vyetu ni vya haraka, kinachochelewa ni mtu. Mkono unakwenda kichwani kuomba ruhusa, na kichwa kina majivuno yake.

Kwa hiyo fanya hivi, nakuomba. Funga mkanda wa begi juu ya kile kiti chako cha sebuleni. Mkaza mjomba awe anaangusha mfuniko wa sufuria wakati wowote anaotaka, bila kukuambia. Ukisikia tu, achia chochote ulichoshika, uvute mkanda kabla mfuniko haujatulia sakafuni. Usifikiri. Vuta.

Najua utasema ni mchezo wa watoto. Sawa. Lakini baba alipotuacha, ni wewe uliyenibeba begani mpaka shule. Siwezi kusimama kaburini kwako nisikilize watu wakikusifu. Wakucheke, mjomba, wakucheke mpaka wachoke, mimi nakutaka hai.

Mpwa wako


Tarehe 7 Juni

Bi Mikunjo,

Salamu nyingi, na pole kwa kukaa bila neno langu. Nilikasirika, kisha nikasahau nimekasirikia nini, kisha nikakumbuka tena, na miezi nayo haingoji. Hali zetu njema. Magoti yanalia kidogo nikipanda ndegeni, lakini nikishakaa yananyamaza.

Fataki lako limefungwa tangu Aprili. Fundi wetu wa ndege alilipokea kama mtu anayepokea mkwe. Hakuna anayeruhusiwa hata kuegemea pale. Kofia nimeitundika kwenye kishikio na fundi ameitoa, nikaitundika tena, akaitoa, tukagombana, sasa kofia nakaa nayo mapajani.

Ule mchezo wako wa sufuria ni wa kitoto na sifanyi.

Mjomba wako

(Nyuma ya karatasi)

Mwanangu, ni mimi mkaza mjomba wako. Naandika huku nyuma wakati yeye anatafuta bahasha. Usimwamini huyu. Mwanzo alikataa katakata, nikawa naangusha mifuniko peke yangu kama kichaa. Halafu siku moja nimetoka sokoni mapema, namchungulia dirishani, nikamkuta amekaa kwenye kiti chake, anaangusha mfuniko mwenyewe, kisha anavuta mwenyewe! Ilibidi nijizibe mdomo. Sasa amezoea mno. Juzi kwa kinyozi mtu kaangusha kopo, mkono wa mjomba wako ukaruka juu ukampiga kinyozi kidevuni. Amenyolewa nusu akafukuzwa. Usimwambie kama nimekwambia.


Tarehe 2 Septemba

Mjomba, au yeyote atakayefungua barua hii,

Nisameheni sisalimii. Tajiri amepiga simu hapa karakana, anasema parachuti limefunguka na ndege iko chini shambani, zaidi ya hapo hajui. Halafu laini ikakatika. Ya nyumbani inaita tu. Dereva wetu wa mizigo anapita huko, nimempa karatasi hii mkononi na nimemwambia asirudi bila jibu.

Nakumbuka kila mkunjo niliokunja, na kila mmoja sasa naushuku. Niandikieni neno moja tu.

Mpwa wako


Tarehe 3 Septemba, hospitalini

Mpwa wangu,

Neno moja: nipo.

Kifundo cha mguu kimevunjika, mbavu zinauma nikicheka, na kitanda hiki kimetengenezwa kwa ajili ya mtu mfupi. Mengine yote mazima. Dereva wenu amekaa hapa mlangoni ananitolea macho, basi acha nieleze upesi.

Nilikuwa nimemaliza mstari wa pamba, nikapanda, nimeanza kugeuza. Injini ikazima. Na hapo ndipo nilipoona tulivyokosea wote watatu. Mlinizoesha kwa kelele, na hatari ikaja kimya. Hakuna mfuniko ulioanguka. Mkono wangu, huo mkono hodari uliompiga kinyozi, haukwenda kwenye kishikio. Ulikwenda kwenye swichi ya kuwashia. Nikajisikia nasema kwa sauti kabisa, "Ngoja kidogo."

Nilisikia hayo maneno yakitoka kinywani mwangu. Mpwa wangu, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa tangu nizaliwe. Sikuiwaza ndege. Wewe pia sikukuwaza, nisamehe. Niliwaza kitu kimoja tu, kwamba mimi bado sijashiba kuishi. Nikavuta.

Mlio ule sitausimulia, nusu ya sikio iliyobaki nayo imekwenda. Nilivutwa nyuma, pamba ikawa juu, mbingu ikawa chini, halafu ghafla tuko wima tunashuka kama ndoo kisimani. Sijui kama nilipata muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Tukagonga. Nikakaa pale kwenye vumbi na kitambaa chako kikanifunika mimi na ndege yote. Wapalizi walikuja mbio wakanikuta nalia.

Nalia bado. Unajua kwa nini? Mrefu. Yule hakukataa kuiacha ndege. Alichelewa tu. Alikuwa anasema ngoja kidogo kama nilivyosema mimi, na alitaka kurudi nyumbani kama nilivyotaka mimi. Nimemsifu miaka yote hii kwa jambo ambalo masikini hakulitaka.

Nikipona narudi hewani. Nikunjie jingine.

Mjomba wako

(Nyuma ya karatasi)

Mwanangu, Mungu akuweke. Sina maneno ya kukushukuru, kwa hiyo naomba badala ya kushukuru. Tajiri amesema hakuna ndege yake itakayoruka tena bila parachuti. Basi usikunje. Ukikataa wewe, mjomba wako anabaki chini, na mimi nabaki na mume. Nilimwona akitolewa mle shambani kwenye machela, nilidhani ni maiti. Sitaki kuona tena.


Tarehe 20 Septemba

Kwenu nyote wawili, mjomba na mkaza mjomba,

Shikamooni. Natumaini mguu unaunga vizuri na nyumba imetulia. Hii naomba msome pamoja, mezani, na asisome mmoja akamfichia mwenzake.

Mjomba, nilipopata karatasi yako nilikaa chini ya meza ya kukunjia nikalia mpaka msimamizi akaniletea maji. Halafu nikacheka, nikalia tena. Nakupenda, mzee mbishi wewe.

Sasa kuhusu jingine. Sijalikunja. Mkaza mjomba, sitaki niwe mtu wa kumnyima mjomba kazi yake, na sitaki niwe mtu wa kukunyima wewe mume. Uamuzi huo si wa vidole vyangu. Njooni huku wote wawili mguu ukiruhusu. Tuna uwanja nyuma ya karakana tunapojaribia. Njoo, mkaza mjomba, ukivute kile kishikio wewe mwenyewe, uone kinachotokea. Baada ya hapo mkisema nikunje, nitakunja mbele ya macho yenu. Mkisema nisikunje, tutakunywa chai mrudi nyumbani.

Mpwa wenu


Tarehe 26 Novemba

Mpwa wangu mpendwa,

Tulifika salama tangu mwanzo wa mwezi, na asante kwa ukarimu wako. Wasalimie wenzako wote wa karakana, hasa yule bwana mnene aliyekimbia kuliko wote roketi ilipolia.

Najua unangoja kusikia kilichofuata. Njia nzima kurudi mkaza mjomba wako alizungumzia bei za vitunguu tu, parachuti hakuligusia. Na wewe unamjua, huyo hanyamazi hata usingizini. Nilidhani nimekwisha. Tumefika nyumbani, amevua viatu, ndipo akaniuliza, "Lile dude ni la haraka, nimeona. Nimevuta, sijapepesa macho, limeshajaa. Sasa wewe mkono ukichelewa tena?"

Zamani ningemjibu kijeuri. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Nikamwambia safari ile nilichelewa, na nilipona kwa sababu ile "ngoja kidogo" yangu ilikuwa fupi.

Akasema, "Basi rudi kwenye kiti."

Mfuniko tumeuacha. Sasa anawasha redio kwa sauti ya juu, nakaa nasikiliza mpira au taarabu, nachekacheka, na yeye anaizima ghafla bila kuonya. Kimya kikiingia tu, navuta. Majirani wanadhani tumegombana. Wiki ya kwanza alinishinda kila siku. Wiki ya pili tulikuwa sawa. Jana aliizima nikiwa na kijiko cha uji mdomoni. Nikavuta, uji ukamwagika mpaka ukutani, naye akaupita ukuta bila kuufuta. Akakaa sakafuni pale miguuni pangu akaniambia, "Mwandikie akunje."

Kwa hiyo nakuandikia. Kunja.

Marubani wenzangu nao tajiri amewaagizia. Yule wa nepi alikuja jana nyumbani kwa adabu zote kuuliza redio inazimwa vipi.

Mjomba wako


Tarehe 11 Januari

Bi Mikunjo,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, maana najua umekaa mlangoni unangoja habari tangu asubuhi. Mkaza mjomba wako naye alisimama kwenye uzio wa uwanja kutwa nzima, amekataa kiti na amekataa maji.

Nimeruka. Nimenyunyizia mahindi yote ya upande wa mto. Nimetua. Hakuna jingine lililotokea.

Mjomba wako