Visa Kimoja

Baba mkwe mpendwa,

Ungekuwa hai nisingekuandikia hivi. Ningemwambia mwanangu Atupele, naye angekwambia, nawe ungemjibu yeye, huku mimi niko nyuma ya ukuta nasikia kila kitu. Ndivyo tulivyoishi hapa Ndandalo. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, hatamki jina lake wala neno linalofanana nalo. Wenzangu wengi wa rika langu wameshaiacha desturi hiyo. Wewe hukuiacha, na mimi kwa kukuheshimu nikaishika, ingawa siku nyingine iliniudhi kweli kweli.

Mwanao ni mwanajeshi, na kila nilipoanza masomo uhamisho ulikuja, tukafunga vyombo. Masomo ya mtandaoni ndiyo pekee niliyoweza kuyahamisha pamoja na masufuria. Kisha yeye akapelekwa nje kulinda amani, mimi na binti yetu Atupele tukaja kwako. Hatukuwa tumekaa sana ukampigia mwanao simu, sauti juu ili nami nisikie: "Mkeo asiende shambani asubuhi. Asubuhi asome." Nililia jikoni siku ile, Baba. Hukujua.

Shida ilikuwa jina lako. Nitaliandika mara moja tu, wengine watakaosoma barua hii waelewe: Gwakisa. Na mimi, kwa akili zangu, nikachagua shahada ya umahiri ya Kiswahili, tasnifu juu ya visa wanavyosimulia akina mama wauza vyungu wa Lyulilo. Kuandika "kisa" hakukunipa tabu. Ulimi ndio uligoma. Nikazoea kusema "mkasa", "habari", "simulizi", na mambo yakibana kabisa nakimbilia wingi. Atupele akaiga. "Mama, nisimulie visa kimoja." Tulicheka, na wewe nikakusikia unacheka huko ndani.

Siku ya kutetea tasnifu hapakuwa na cha kuchekesha. Muda wangu wa nyongeza ulikuwa umekwisha. Nikifeli, au mtandao ukinitupa, chuo kinanifuta na miaka yote ile imekwenda na maji. Mtandao ulikamata sehemu moja tu, kwenye kibaraza cha nyuma cha nyumba yako, kwa hiyo niliweka laptopu pale na kukaa mgongo ukutani. Upande wa pili, ndani, wewe ulikuwa umekaa unachambua kokoa. Atupele alikuwa shule. Mvua ya Kyela unaijua, haipigi hodi. Ikashuka kwenye bati, nikaongeza sauti ya spika mpaka mwisho.

Nilianza vizuri. Halafu mtahini wa nje, mama mmoja mwenye sauti kavu, akanikatisha.

"Umesema 'visa kimoja'. Au nimesikia vibaya?"

"Samahani. Mkasa mmoja."

"Mkasa na hicho unachokitafiti ni vitu viwili, umeandika mwenyewe sura ya pili. Umoja wa visa ni nini?"

Mwanafunzi wa umahiri anaulizwa swali la watoto wa shule ya msingi, na jibu haruhusiwi kulitamka. Msimamizi wangu akakohoa. Ningeweza kuwaeleza desturi, lakini ningeielezaje bila kulitaja jina lenyewe? Ukuta ule ni wa tofali moja tu, na masikio yako yalikuwa mazima. Nilikuwa na hasira na wewe, na mtahini, na mume wangu aliyeniacha hapo, na mimi mwenyewe.

"Dada, upo? Kama hujui, sema hujui, tuendelee."

Hapo nikasikia kigoda chako kinasogezwa. Nikadhani umechukia. Mlango wa mbele ukafunguka, ukatoka, na mvua yote ile, na baada ya muda mfupi nikakusikia kwenye migomba unaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya kupasua koo. Wewe, ambaye wanakwaya walikuwa wakikuomba upunguze kidogo. Ulikuwa unaimba ili usisikie.

"Kuna nini huko?" mtahini akauliza.

"Ni baba mkwe wangu. Ananipisha," nikasema. "Kisa. Umoja wake ni kisa."

"Mtandao unakatika. Rudia."

Nikarudia. Akataka nirudie tena, nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, nikikuomba usinyamaze huko uliko. Kisha nikaeleza tofauti ya kisa na mkasa, nikawapa mfano wa mama aliyevuka ziwa na mtumbwi wa vyungu akafika sokoni na kimoja tu, na yule mtahini akaacha kunikatisha. Wakanitoa wajadiliane. Waliponirudisha, wakasema nimefaulu, nina marekebisho madogo.

Nikafunga laptopu. Wewe bado ulikuwa unaimba.

Umri wako ule, kifua chako kile, unanyeshewa, na hapakuwa na mtu wa kumtuma akakwambie yamekwisha. Nilitazama njiani, hakupita hata jirani. Wimbo uliuanza upya, sauti imeshaanza kukukauka. Nikasimama, nikageukia ukutani nisikuone, nikaita.

"Baba! Rudi ndani! Yamekwisha!"

Wimbo ukakatika.

"Wamekupa?" ukaniuliza. Mimi, moja kwa moja.

"Wamenipa, Baba."

"Ndaga fijo, mwanangu," ukasema. Asante sana, kana kwamba mimi ndiye niliyelowa kwa ajili yako.

Kesho yake ukarudi kusema nami kupitia kwa Atupele, na hatukuongea tena mpaka tulipokuzika. Mwanao alikuja kwenye msiba, ameshaondoka tena na kikosi chake. Joho langu la mahafali linaning'inia sebuleni kwako, chumba ambacho sikuwa nikiingia. Watu wananiambia sasa uko huru, kaa unapotaka, sema unachotaka. Maneno hayo yananiumiza. Nina mengi ya kukwambia, Baba: kwamba nimepata kazi ya kufundisha, kwamba Atupele anasoma vizuri, kwamba nimekukumbuka kuliko nilivyotarajia. Jana nilikuita kwa sauti, nikiwa peke yangu humu ndani. Sasa naruhusiwa kukuita nitakavyo, na wewe huitiki.

Pumzika, Baba.

Mkamwana wako,
Mama Atupele