Safari Hii Sitanii

Dada Anastasia,

Maharage yameiva, tia nazi tu. Takataka nimetoa.

Asubuhi nilipowaambia mashairi yangu mafupi ya theluji na kindi yametoka mtandaoni, wewe na shemeji mlicheka mpaka chai ikamwagika. "Kama ile harusi ya Brampton?" Sawa, niliwavalisha vitenge mkaenda kwenye harusi isiyokuwepo. Na digrii nimeiacha njiani. Lakini hili ni kweli, dada, na nilitaka wewe ulijue kwanza.

Nimekutumia mashairi yenyewe kwenye WhatsApp. ~~Usipotaka usisome.~~ Yasome, hata kabla maji ya ugali hayajachemka utakuwa umemaliza. Nimechoka, naenda zamu. Nikirudi niambie, hata kama ni mabaya. Ila usianze kwa kucheka.

Mdogo wako