Amevaa Jina Langu

Jumatatu, 3 Machi
Picha za eksirei za hospitali nzima — zimefutwa! Kompyuta inasema nimezifuta mimi. Mimi, ninayezitunza! Ijumaa nilikuwa nyumbani namkanda mtoto homa. Mkuu hataki kusikia: akaunti yako, mkono wako. Alhamisi nikajieleze, la sivyo nifungashe virago.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji! Mdogo wake mume wangu, niliyemwombea kazi hapo hospitali kwa mdomo wangu huu. Nilipojifungua nilimpa ruhusa ya kutoa amri kwenye kompyuta kwa jina langu, kazi isilale. Sikuifunga tena. Ijumaa alitaka kufuta folda yake ya picha, diski imemjaa — kumbe hakuwa ametoka kwenye akaunti yangu, ikafutika yangu. Na folda yangu ya picha ni vifua na mbavu za watu! Ananieleza jikoni kwangu, eti bahati mbaya, huku anachovya mkate kwenye chai. Shukrani ya punda ni mateke.

Jumatano, 5 Machi
Nilikuwa naifunga ile ruhusa. Mama mkwe akapiga simu: mwanangu, usimwanike mwenzio, wewe una cheo watakusamehe, yeye kibarua watamtimua. Ukiifunga leo si utakuwa umemtaja? Mume wangu naye: ni damu yangu. Ala! Na mimi ni maji? Sijaifunga. Mjinga mimi!

Alhamisi, 6 Machi
Niko kwenye benchi, nje kwa mkuu. Ndani yuko fundi wa kompyuta kutoka makao makuu. Sekretari kaninong'oneza: fundi anasema kompyuta huandika pia nani kaazima akaunti ya mwenzake, wanafungua sasa hivi. Afadhali! Sitamtaja mtu, mashine itajisemea. Machozi yamenitoka.

Shemeji alikuwa pembeni yangu, kaniletea maji. Usijali shemeji, akasema, yatapita. Akasikia habari ya fundi — akatoka mbio, glasi kaiacha sakafuni.

Namwona kupitia kioo cha dirisha la ofisi yake. Kaketi kwenye kompyuta yake, vidole vinakimbia. Kumbukumbu zile za nani kaazima akaunti, yeye kwa jina lake hawezi kuzifuta. Mimi, kwa cheo changu, naweza. Mungu wangu — kanivaa tena! Anajifuta yeye, nibaki mimi!

Mlango umefunguliwa. Ingia, anasema mkuu. Na kule bado anabonyeza. Naingia wapi mimi, huku au kule?