Nyota Mbili Zilizochelewa Kupatwa

Baba mupendwa,

Salaam alekum. Mimi binti yenu Zaina niko muzima wa mwili, lakini roho haitulii. Radio ikitaja vita ya Kamina, nasimama. Isipotaja, nasimama vilevile. Magazini, duka letu, iko wazi? Mungali munauza vitambaa, ao basoda, askari wale, bamechukua vyote? Posta haifiki tena, kwa hiyo barua hii inabebwa na mufanyabiashara anayepitia Lubumbashi.

Kazi muliyoniuliza, huku ng'ambo kwenye nyumba ya darubini, njo hii. Kuna nyota mbili zinazozungukana. Moja ikiziba ingine, mwangaza unapungua. Saa ya kupatwa kwazo tunaijua mbele, sawa na kupatwa kwa jua. Lakini mwaka huu zilianza kuchelewa, sekunde chache tu. Mukubwa wangu wa kazi, muzee Mubelgiji, alifurahi sana.

"Zaina, labda kuna sayari pale! Hatuioni, lakini njo inazivuta. Tia jina lako karibu na langu, tutangaze."

Nikarudilia daftari zote. Kuchelewa kulianza siku ileile walipobadilisha saa ya nyumba ya darubini. Nikamwambia. Uso wake ukawa mwekundu.

"Unajua unabomoa nini?"

"Najua, muzee. Lakini siwezi kushuhudia kitu ambacho sina hakika nacho."

Siku tatu alijifungia na daftari zile. Ya ine akaniletea chai, akavuta kiti, tukahesabu upya pamoja. Kuchelewa kukubwa kukapotea. Kukabaki kuchelewa kadogo, na sababu ya hako hatuijui. Akaandika "labda" mbele ya neno sayari, nami nikatia jina.

Sasa anataka nibakie miaka tatu ingine, tuendelee kupima. Karatasi iko mezani. Nainuka, nakaa, naenda dirishani. Sijatia sahihi.

Munisalimie Shangazi anayeuza samaki ya Bukama, na kaka yangu Yaya Saidi anayewasaidia magazini, na jirani yetu Mukasai, fundi wa cherehani aliyekimbia vita, kama alirudi.

Kwa Mama sijui niandike nini. Barua zenu mbili za mwisho hazina salamu yake. Muliandika amesafiri Kabongo. Lakini katika barua ileile mulisema njia ya Kabongo imefungwa, hata baiskeli haipiti.

Baba, nimekwisha kuwa mutu mukubwa. Niandikieni kweli, hata mustari mumoja. Kisha nitajua kama nitie sahihi ao nipande avion, ndege ya kurudi nyumbani.

Ni mimi binti yenu anayewangojea,
Zaina