Dole Gumba la Kushoto

Jumatatu, 3 Machi
Saa kumi na mbili na nusu, getini. Foleni. Daftari langu la mahudhurio liko kabatini. Miaka tisa nimeandika majina ya kiwanda hiki cha sabuni. Sasa kazi yangu ni kusimama kando ya kimashine na kusema "weka dole". Kikilia, mtu anapita. Leo ndiyo siku ya kwanza kinahesabu kweli, na kimemkataa Bi Zuhura. Amefuta vidole kwenye kanga, amevipuliza, amejaribu vyote kumi. Foleni ikaguna. Kazi haijaanza, nimeshachoka.

Jumanne, 4 Machi
Kimemkataa tena. Nikamshika mkono nimwangalie. Ncha za vidole laini, hazina mstari hata mmoja. Ujana wake wote alibangua korosho kwao Mtwara. Mafuta ya maganda yakamla ngozi. Meneja anasema mfumo haudanganyi. Ukionekana hupo siku tatu kwa mwezi, barua ya kufukuzwa. Jana na leo mama huyu amefunga katoni mpaka jioni. Kwenye kompyuta hakuja. Bado moja. Ana wajukuu wawili anawalea peke yake.

Jumatano, 5 Machi
Nimefanya. Kabla watu hawajafika nimesajili dole gumba langu la kushoto kwa jina lake. La kulia ni mimi, la kushoto ni yeye. Nikamwambia apite tu. Akacheka. "Mwanangu, siku ukiumwa wewe, na mie ndo nimeumwa?" Nikacheka pia. Naogopa.

Jumatatu, 10 Machi
Dole asubuhi, dole jioni, mara mbili mbili. Siwezi kuchelewa, siwezi kuomba ruhusa. Nimeanza kumkasirikia, na mama wa watu hana kosa.

Alhamisi, 13 Machi
Malaria. Sikuweza hata kusimama. Saa nne asubuhi ndipo nikakumbuka dole la kushoto. Nimelala nalo hapa kitandani. Kwake hii ni siku ya tatu.

Ijumaa, 14 Machi
Nimekwenda na homa yangu. Barua ya Bi Zuhura ilikuwa imeshachapwa, bado sahihi tu. Jana alikuwepo, meza nzima ya katoni imemwona, lakini meneja anaamini kimashine. Ningenyamaza, mimi ningebaki salama. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kweli nilikuwa naumwa. Nikaingia ofisini, nikaonyesha madole yangu mawili, nikasema yote. Nikamwomba amwite Bi Zuhura amtazame vidole. Akamwita. Akavitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniambia nirudi nyumbani, nisubiri. Nimelia njiani. Sijuti, ila nimechoka sana.

Jumatano, 19 Machi
Sijafukuzwa. Nimeondolewa getini, nimepelekwa kwenye kufunga katoni, meza moja na Bi Zuhura. Barua yake imechanwa. Daftari langu limetolewa kabatini kwa ajili ya jina moja. Mlinzi ndiye analishika. Asubuhi nimemwona mama akisaini, herufi kubwa, taratibu, na foleni ikamsubiri.

Sabuni mbichi inawasha mikono. Amenipa mafuta ya nazi ya kujipaka kabla ya kuanza.

Jioni nimeweka dole la kulia. Kimenikataa. Nikalifuta kwenye nguo, nikaweka tena. Kikalia, nikapita.