Sahihi ya Mwenye Eda

Jumatatu, 7 Julai

Mafaili ya safari tena. Kila Julai kazi hii inaniangukia mimi: kujumlisha safari, takrima na mikutano ya mwaka mzima, makao makuu wasome. Takrima imenichosha mapema. Mgeni mmoja alikaa kwetu saa mbili, tukamnunulia maji katoni nne. Tuliyanywa sisi wiki nzima, mimi nikiwa wa kwanza. Nimerudi nyumbani Nguvumali kichwa kinagonga.

Jumatano, 9 Julai

Semina ya Moa, mwezi wa pili, siku tatu. Posho ililipwa taslimu huko huko. Kwenye karatasi ya mahudhurio nimekuta jina la Zuhura wa masijala. Sahihi tatu. Posho ya siku tatu.

Zuhura mwezi wa pili alikuwa edani! Mumewe alifariki Januari. Mwenyewe nilikwenda kumhani kwao Usagara. Miezi minne na siku kumi hakutoka hata kwenda gengeni, akiwa likizo bila malipo, akarudi kazini eda ilipoisha. Moa alifikaje?



Alhamisi, 10 Julai

Mwandiko nimeujua. Herufi zimelalia kushoto, kama kila ukurasa wa kitabu cha gari. Mzee Bakari, dereva wetu. Anastaafu Septemba.

Nimemkasirikia sana. Halafu hasira zikanirudia mwenyewe: nani alinituma kulinganisha? Na kama ni kughushi ili aibe, si angechagua jina la mtu asiye na eda? Tanga nzima inajua mjane hasafiri.

Ijumaa, 11 Julai

Baada ya swala nimemkuta anaosha gari. Nikampa shikamoo, kisha nikamwonyesha karatasi. Hakukana.

"Pesa zote nilimpelekea Zuhura, mwanangu. Nilimpa dadake mlangoni, nikasema rambirambi ya ofisi. Ningekwendaje kwa mfiwa na ile orodha yenu tupu?"

Orodha yetu ya rambirambi. Ilizunguka meza zote, kila mtu akaandika jina na kiasi. Mimi niliandika elfu ishirini. Tukasema tusubiri mshahara. Mshahara ukaja, ukaisha. Hakuna aliyetoa hata senti. Kifungu cha bajeti cha kuwanywesha wageni kipo. Cha mfiwa hakipo, na pengo lake hatukuliziba.

Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka.

Jumatatu, 14 Julai

Ripoti inatakiwa Alhamisi. Nikinyamaza, sahihi yangu inakaa chini ya uongo. Nikisema, Mzee anaweza kufukuzwa, kiinua mgongo akakikosa. Miaka ishirini na tisa ya usukani.

Nimeunguza wali. Nimemfokea kila mtu nyumbani. Siitaki kazi hii.

Jumanne, 15 Julai

Nimesema.

Tulikwenda pamoja kwa meneja, mimi na Mzee Bakari, na ile orodha mkononi. Mzee mwenyewe ndiye aliyeanza kueleza. Tulioandika majina tumetoa leo leo, bila kusubiri mshahara wowote. Kwa pesa hizo posho ya Zuhura imerudishwa ofisini, stakabadhi ninayo. Meneja kapoa, ila anataka Zuhura aeleze kwa maandishi kwamba Moa hakwenda. Na wa kumwambia ni mimi.

Nilitamani ardhi inimeze. Zuhura aliisoma ile karatasi ya mahudhurio mara mbili. Nikamweleza yote, mpaka elfu ishirini yangu.

"Kumbe hamkunichangia," akasema.

Nikamwambia leo tumechanga. Akaitikia kwa kichwa tu. Akaandika maelezo yake, mistari minne. Chini akaongeza, bila kuambiwa na mtu, kwamba anaomba Mzee Bakari asiguswe.

Ijumaa, 18 Julai

Mzee kapewa barua ya onyo. Basi. Atastaafu na haki zake zote. Nimeingia chooni nikalia kwa furaha, nikanawa uso, nikatoka.

Ripoti ilikwenda jana. Semina ya Moa imepungua mtu mmoja.

Asubuhi Zuhura alitusalimia wote, jina kwa jina, vizuri kabisa. Saa nne, chai ilipokuja, alichukua vikombe viwili, akapita meza zetu, akaenda kunywa nje garini na Mzee Bakari. Sisi tulikunywa ya kwetu mezani.